Mlango Una Mwenyewe

Mama Mashuka alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Mashuka ya wagonjwa yalimfikia yamekauka, magumu kama mbao. Aliyanyunyizia maji, akayanyoosha, akayakunja, akayapanga kwa ajili ya wodi. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi, hata jina lake likasahaulika. Manesi walimwita Mama Mashuka, naye aliitika.

"Afadhali Mama Mashuka kuliko Mama Soksi," alisema. Wenzake wakacheka.

Kazini kulikuwa na mvuke, kelele na vicheko. Nyumbani kulikuwa kimya.

Alikuwa amepanga chumba kimoja, chenye jiko dogo pembeni. Chumba hicho kilikuwa katika nyumba ndefu ya wapangaji. Aliingia humo na mumewe. Mumewe akafariki, yeye akabaki. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa lori. Aliishi mbali, pamoja na mkewe na watoto, na kupiga simu alipiga akikumbuka.

Majirani wa Mama Mashuka walikuwa watu wa salamu za mlangoni. "Habari?" "Nzuri." Kisha mlango unafungwa. Upande mmoja aliishi mlinzi. Yeye alikesha kazini na kulala mchana. Upande wa pili aliishi msusi, binti aliyerudi jioni vidole vikimuuma kwa kusuka nywele za watu. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Ila hakuna aliyemjua mwenzake.

Mwenye nyumba walimwita Bwana Funguo. Alifunga kiunoni kishada kikubwa cha funguo. Kililia kabla yeye hajatokea, kama kengele ya ng'ombe. Mama Mashuka alimlipa kodi yake kila mwezi bila kuchelewa, na walikuwa hawajawahi kugombana.

Basi siku moja Mama Mashuka alirudi kutoka kazini, akakuta dirisha wazi.

Alisimama katikati ya chumba. Asubuhi alilifunga. Au hakulifunga? Alijaribu kukumbuka mkono wake ukishika komeo. Hakuwa na hakika. Akalifunga, akapika, akala, akalala.

Siku nyingine alikuta kiti kimesogezwa karibu na ukuta. Siku nyingine tena, sanduku la nguo za marehemu mumewe lilikuwa limevutwa kutoka chini ya kitanda. Hakuna kilichoibwa. Mwizi gani huyo asiyeiba?

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mama yake mzazi, katika uzee wake, alianza kusahau. Kwanza alisahau sufuria motoni. Kisha akasahau njia ya kwenda kisimani. Mwisho alisahau hata majina ya wanawe. Mama Mashuka alimuuguza kwa mikono yake, na hakusahau macho yale yaliyomtazama kama mgeni.

"Zamu yangu imefika," alijiambia.

Akaanza kujichunga. Kila asubuhi, akitoka, alisema kwa sauti, "Nimefunga dirisha. Nimezima jiko. Kiti kiko mezani. Nimefunga mlango." Kisha alirudi nyuma, akajaribu kitasa, akayasema yote upya. Mlinzi, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, alimkuta mara kadhaa akizungumza na mlango. Alitikisa kichwa, akapita.

Lakini jioni kiti kilikuwa kimehama tena.

Akampigia mwanawe simu.

"Mwanangu, vitu vyangu vinahama."

"Vinahama vipi, Mama?"

"Naviacha hapa, navikuta pale."

Mama alisikia ngurumo ya lori. "Mama," mwanawe akasema kwa upole, "umri nao una mambo yake. Bibi naye ilianza hivyo hivyo. Labda ni wakati wa kuja kukaa kwetu."

"Nitafikiri," alijibu. Alikata simu, akakaa gizani bila kuwasha taa. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu. Kazini alipunguza maneno, maana aliogopa kusema jambo mara mbili. Wenzake walipocheka, yeye alicheka nyuma yao, kama mtu anayefuata wimbo asioujua.

Kisha akaugua homa. Daktari wa hospitali alimrudisha nyumbani apumzike. Alikunywa dawa, akajilaza, amevaa nguo ya kulalia tu. Jua lilikuwa kali nje, na nyumba nzima ilikuwa kimya.

Akasikia ufunguo ukizunguka kwenye kitasa.

Alidhani ni homa inamchezea. Mlango ukafunguka. Akaingia Bwana Funguo, na nyuma yake wanaume wawili wageni. Mmoja alishika kamba ya kupimia.

"Ukuta wenyewe ndio huu," Bwana Funguo alikuwa akisema. "Tukiubomoa, vyumba viwili vinakuwa kimoja. Kiti tulikisogeza siku ile, mnakumbuka? Sasa hivi..."

Akamwona Mama Mashuka kitandani. Wageni walitazama chini kwa aibu. Mama Mashuka alivuta shuka mpaka shingoni.

"Kumbe upo," akasema Bwana Funguo.

"Nipo. Ni kwangu."

"Kwako?" Alicheka. "Kwako ni pale ulipojenga. Hapa ni kwangu. Nimejenga kwa jasho langu, tofali kwa tofali. Nikitaka kuingia, naingia."

Wakapima ukuta yeye akiwa amelala pale pale. Kamba ilipita juu ya miguu yake. Kisha wakaondoka, na Bwana Funguo akafunga mlango kwa nje, kama mtu anayefunga ghala.

Mama Mashuka alilala akitazama dari. Halafu akaanza kucheka. Dirisha hakuliacha wazi yeye. Kiti hakukisogeza yeye. Akili zake zilikuwa zimo zote! Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha machozi yakaendelea na kicheko kikaisha. Maana siku zote zile alizojidhani anapotea, mtu mzima mwenye ndevu alikuwa akitembea chumbani mwake, akigusa nguo za marehemu. Na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Alimpigia mwanawe.

"Sijasahau kitu, mwanangu. Ni mwenye nyumba anaingia."

Safari hii mwanawe alizima lori. "Nisamehe, Mama," alisema. "Hama. Njoo kwetu."

"Nikija kwako, nije kukutembelea. Sitakuja kwa kufukuzwa."

Alipopona, alimfuata Bwana Funguo, akamwomba asiingie tena bila taarifa. Kumbe alimwaga petroli motoni. Siku ya pili maji ya chumba chake yalikatika. Vyumba vingine maji yalitoka. Siku iliyofuata alikuta komeo la ndani la mlango wake limeng'olewa. Sasa hata akiwa ndani hakuweza kujifungia. Alianza kulala na meza nyuma ya mlango, na kila sauti ya nje ilimwamsha.

Dobi mwenzake alimwona akisinzia juu ya pasi.

"Dada, utaunguza shuka la watu. Una nini?"

Mama Mashuka alikuwa na miaka mingi hajaulizwa swali hilo. Akasimulia. Dobi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho.

"Kwa nini huendi ofisi ya msaada wa sheria? Iko nyuma ya soko. Dada yangu walimsaidia, na hawakumdai kitu."

"Mimi na sheria wapi na wapi?"

"Kwani sheria ni ya nani? Nenda!"

Msaidizi wa sheria alikuwa mwanamke wa makamo. Ofisi yake ilikuwa na benchi moja, meza moja na feni iliyolalamika. Alimkaribisha, akamwacha aseme yote bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Kodi unalipa?"

"Kila mwezi."

"Una risiti?"

"Baadhi ninazo. Lakini mkataba hatukuandikiana. Tulikubaliana kwa mdomo, mimi na marehemu mume wangu."

"Anapokea kodi yako, basi wewe ni mpangaji wake. Maandishi yangesaidia, na ni vizuri kila mtu awe nayo. Lakini kukosa maandishi hakukufanyi mtu wa kuburutwa." Alisogeza kiti karibu. "Sasa nikuulize, mama. Ukilipa kodi, unanunua nini?"

"Mahali pa kulala."

"Na nini tena?"

Mama Mashuka aliinua mabega.

"Amani ya kulala," akasema msaidizi. "Mwenye nyumba anaweza kuja kukagua, au kutengeneza kilichoharibika. Ni haki yake. Lakini sharti akupe taarifa kabla, na aje saa za heshima, na kwa sababu ya kweli. Asifungue tu na kuingia."

"Na nyumba ikishika moto?"

"Hiyo ni dharura. Moto hausubiri taarifa, wala bomba lililopasuka. Kupima ukuta si dharura."

"Yeye anataka niondoke."

"Akikihitaji chumba, kuna njia. Akupe notisi ya maandishi, na muda wa kutosha kama sheria inavyotaka. Ukikataa, aende kwenye baraza la nyumba au mahakamani, asikilizwe na wewe usikilizwe. Kukukatia maji, kung'oa komeo, kukutisha ili uchoke uondoke mwenyewe, hayo ni manyanyaso. Sheria inayakataza."

Mama Mashuka alishusha pumzi. "Basi nisilipe kodi mpaka arudishe maji?"

"Hapana! Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Ukiacha kulipa, umempa fimbo ya kukuchapia. Lipa, na udai risiti. Usimtukane, usipigane naye, usibadilishe kitasa kimyakimya. Na wewe una wajibu wako. Tunza chumba, na fundi akija kwa taarifa, mfungulie. Je, majirani zako wameona lolote?"

"Sijui. Hatuzungumzi."

"Hujui kabisa?"

Aliona haya. "Miaka yote hii, hatujawahi kukaa pamoja."

"Basi kaongee nao. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Jioni ile Mama Mashuka alisimama mbele ya mlango wa msusi. Aliinua mkono, akaushusha. Atasema nini? Msusi atamchukulia kama mzee anayetafuta wa kuzungumza naye? Karibu arudi. Kisha akabisha.

Ndani, kitu kizito kilisukumwa sakafuni. Mlango ukafunguka kidogo, na jicho moja likachungulia.

"Ni mimi, mwanangu. Jirani."

"Shikamoo, Mama. Samahani, nilikuwa natoa sanduku."

Mama Mashuka alilitazama sanduku. Lilikuwa limewekwa nyuma ya mlango, kama meza yake.

"Na kwako pia mwenye nyumba anaingia?" aliuliza.

Msusi alifungua mlango wote. "Nilirudi siku moja nikakuta kitanda changu kina alama ya mtu aliyekaa," alisema. "Siku nyingine aliingia nikiwa naoga, akasema anatafuta nyufa. Tangu hapo silali vizuri. Nilidhani ni mimi tu. Nikawaza, nikisema, watauliza nilimfanyia nini."

"Hukumfanyia kitu," akasema Mama Mashuka. Akamkumbatia pale mlangoni. Walikuwa wametenganishwa na ukuta wa tofali moja, na kila mmoja alikuwa ameogopa peke yake.

Wakaenda kwa mlinzi. Alikuwa akifunga viatu ili atoke.

"Kwangu ameingia nimelala," alisema. "Nilishika rungu, nikadhani ni mwizi. Ningempasua kichwa, leo ningekuwa jela kwa kumpiga mwenye nyumba wangu!" Alicheka mwenyewe, kisha akamgeukia Mama Mashuka. "Mama, nilikuwa nakusikia asubuhi ukiongea na mlango. Nilidhani... Nilipaswa kukuuliza."

"Na mimi nilipaswa kubisha," alijibu.

Ofisi ya msaada wa sheria ilimwita Bwana Funguo. Alikuja akiwa amevaa koti, funguo zikilia, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyeonewa.

"Tangu lini mtu akapiga hodi nyumbani kwake?" alianza. "Wapangaji hawa nimewalea!"

Msaidizi wa sheria hakupandisha sauti. "Mzee, nyumba ni yako. Ukuta ni wako, bati ni lako. Hakuna anayekunyang'anya. Lakini ukimkodisha mtu baiskeli yako, utaidandia yeye akiwa juu yake?"

Mlinzi alijikohoza kuficha kicheko.

"Hiyo ni baiskeli," Bwana Funguo alinung'unika.

"Na hicho ni chumba. Umekipangisha. Mpaka upangaji uishe kwa njia halali, mlango una mwenyewe."

Mlinzi akaeleza habari ya rungu. Kisha ikafika zamu ya msusi. Alizungumza akitazama mikono yake, sauti ndogo, lakini alisema yote. Alipofika kwenye habari ya kuoga, Bwana Funguo aliinamisha kichwa.

"Nina binti," alisema Bwana Funguo. "Anarudi nyumbani na watoto wake. Ndoa imemshinda. Nilitaka kuunganisha vyumba viwili apate pa kukaa."

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mama Mashuka.

"Nilijua utakataa. Nikasema, akichoka ataondoka mwenyewe."

"Nilichoka," alisema Mama Mashuka. "Nilichoka mpaka nikadhani nina wazimu. Nilijiaga mwenyewe, Mzee. Ungeniambia tu, ningejua kumbe bado nina akili."

Bwana Funguo alizishika funguo zake zisilie. Feni tu ililalamika.

"Kile chumba cha mwisho," mlinzi akasema polepole, "si umekijaza milango mibovu na mabati ya kutu? Kina mpangaji gani? Panya?"

Siku ile walikubaliana, na makubaliano yakaandikwa, kila mmoja akapewa nakala yake. Maji yarudi siku hiyo hiyo, na komeo pia. Bwana Funguo asiingie chumba cha mtu bila kumpa taarifa mapema na bila kubisha, ila kwa dharura ya kweli. Akimtaka mtu atoke, atoe notisi. Msaidizi alimwonya kwamba akirudia, shauri litakwenda barazani, na la msusi linaweza kufika hata polisi. Msusi aliambiwa kwamba uamuzi huo ni wake, na ofisi itakuwa pamoja naye.

Kabla hawajatoka, Mama Mashuka aliuliza, "Na mtu wa mji mwingine, sheria ni hii hii?"

"Muda wa notisi na majina ya mabaraza hutofautiana," alijibu msaidizi. "Mtu aulize huko aliko. Lakini asikae kimya akidhani yuko peke yake."

Chumba cha mwisho kilisafishwa. Mlinzi alibeba mabati, msusi alifagia, na Mama Mashuka akaleta mapazia aliyoyapiga pasi. Binti wa Bwana Funguo akahamia na wanawe, na uani kukawa na kelele za watoto. Msusi aliacha kusukuma sanduku. Siku za mapumziko alikuja kumsuka Mama Mashuka bure, wakaongea, au wakanyamaza tu.

Haikuwa kila siku. Jioni nyingi Mama Mashuka bado alikula peke yake, na kitanda kilikuwa kipana kwa mtu mmoja. Hilo sheria haiwezi kulitibu. Lakini sasa alipoketi peke yake, alijua yuko peke yake kweli. Hakuna aliyekuwa na mkono kwenye kitasa.

Jioni moja alikuwa ndiyo kwanza anamimina chai. Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama. Mwenye nyumba." Bwana Funguo alikuwa amesimama hatua moja nyuma ya kizingiti. "Kuna bomba linavuja nyuma ya ukuta wako. Si kubwa. Fundi anaweza kuja kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi niko kazini. Keshokutwa mchana nitakuwepo."

Mzee alifungua mdomo. Alitazama ukuta wake, tofali zake, mlango alioupigilia mwenyewe. Akaufunga mdomo.

"Keshokutwa, basi."

"Keshokutwa. Karibu."

Alimsikiliza mpaka nyayo zake zilipoishia uani. Kisha akaurudisha mlango taratibu, bila haraka, akaenda kuketi. Chai ilikuwa bado ya moto.